Je, Maiti Hunufaika na Mahali Alipozikwa?

 

Katika darasa letu la baina ya magharibi na isha tumeulizwa swali ambalo hatukulijibu usiku ule, tukaomba muhula. Muulizaji ni kijana baharia aliyerejea karibuni kutoka bandari za Mashariki ya mbali, na mkononi alikuwa na karatasi ya rangi iliyopigwa chapa vizuri: picha ya mlima wa kijani kibichi, ziwa dogo limetulia mbele yake, na baina yao safu za makaburi ya mawe yaliyosuguliwa hata yakang'aa. Lilikuwa tangazo la biashara. Katika Uchina na Malaysia yako makampuni yauzayo viwanja vya kuzikia watu, na bei ya kiwanja huweza kupanda au kushuka kwa namna mlima ulivyokaa na maji yalivyopinda. Kijana akasema: "Shekhe, sisi hatuyaamini hayo yao. Lakini kuna ubaya gani mtu kumtafutia mzazi wake mahali pazuri pa kulala?"

Wenziwe walicheka. Sisi hatukuweza kucheka, kwa kuwa swali hilo lilitukuta tungali na swali lake pacha kifuani, nalo hatukulipata Uchina bali hapa hapa Kenya, katika mji mdogo wa Kathiani, chini ya milima ya Iveti, nchi ya Machakos.

Kisa chenyewe ni hiki. Alikuwapo katika mtaa wetu mtu wa Kathiani, Mkamba, aliyeshuka Mombasa ujanani kutafuta kazi katika bandari ya Kilindini. Akasilimu, akaoa, akazaa, na kwa zaidi ya miaka thalathini hakukosekana katika safu ya kwanza ya msikiti wetu. Alifariki usiku, baada ya sala ya isha. Alfajiri habari zikapelekwa kwao kwa simu, na ndugu yake akapanda basi. Nasi, kwa kufuata sunna ya kuharakisha jeneza, tukamwosha, tukamkafini, tukamsalia baada ya adhuhuri, tukamzika. Ndugu alifika jua linapokuchwa. Alikuta udongo umekwisha kumwagiwa maji na watu wamekwisha kutawanyika.

Hatuijutii hukumu tuliyoifuata. Maulamaa wakubwa wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wamekataza maiti kuhamishwa kutoka mji aliofia kwenda kuzikwa mji mwingine, isipokuwa akiwa karibu na Makka, au Madina, au Baitul Mukaddas. Tunalojuta ni adabu. Yule ndugu alipokelewa kama mtu aliyeshindwa kesi, na likasemwa neno mbele yake: "Sasa huyu ni wetu." Neno hilo halikuwa na haja, na aliyelisikia hakulijibu. Alilala kwa mwenyeji wake usiku mmoja, akarudi kwao.

Baada ya miezi miwili tulifuatana na mwana wa marehemu, ambaye ni mwanafunzi wetu, kwenda Kathiani kumpa pole bibi yake, yaani mama mzazi wa marehemu. Bibi huyo ni Mkristo, mkongwe sana, na masikio yake ni mazima kuliko yetu.

Asiyepajua Kathiani na ajue kuwa ni nchi ya miteremko. Milima ya Iveti imesimama upande wa kusini na magharibi, na mashamba yashuka kutoka huko kwa ngazi ngazi, kila ngazi ni tuta lililochimbwa kwa jembe na udongo wake kutupwa juu. Wenyewe huyaita matuta hayo "fanya juu", na jina hilo la Kiswahili limekwenda mbali hata likaingia katika vitabu vya wataalamu wa kilimo wa Ulaya. Hapana shibiri ya ardhi iliyolala bure. Na katika ukingo wa kila shamba, karibu na nyumba, utaona makaburi ya wenye shamba: baba, babu, mtoto aliyekufa mdogo. Huko hawana desturi yetu ya makaburi ya mji mzima. Maiti hulala alipolima.

Yule bibi alituchukua kwa mkono wake mwenyewe hata kwenye tuta moja pana. Akatuonyesha kaburi la mumewe, na kaburi la mwanawe mwingine, na baina yao nafasi tupu iliyofagiliwa. Mjukuu akatufasiria: "Asema hapa palikuwa pake." Mbele yetu nchi ilikuwa imefunguka yote upande wa kaskazini, na mwisho wa macho ulionekana mlima wa Kilimambogo, uitwao pia Ol Donyo Sabuk, umekaa peke yake juu ya nchi tambarare. Twakiri kuwa ni mahali pazuri. Hata mnunuzi wa lile tangazo la Uchina angetoa fedha.

Kisha bibi akauliza: "Huko mlikomlaza, aangalia nini?"

Tulikuwa tumejiandaa kwa maswali mengi, na hilo halikuwamo. Tukanyamaza kitambo. Wakati wa adhuhuri ulikuwa umekaribia, na tulikuwa tumekwisha kuitafuta kibla kwa ajili ya sala, ndipo tukaona jambo ambalo hatukulifikiri kabla. Kibla cha Mombasa ni kaskazini, karibu barabara. Kibla cha Kathiani ni kaskazini vile vile, chaelemea mashariki kidogo tu, kulia mwa Kilimambogo. Basi tukamwambia: "Mama, amelazwa kwa ubavu wa kuume, na uso wake waelekea kaskazini. Upande ule ule unaoutazama wewe sasa."

Mjukuu akafasiri. Bibi akatikisa kichwa polepole, akasema maneno machache, na mjukuu akakawia kutueleza. Alikuwa amesema: "Basi hakutupa mgongo."

Halafu akaomba jambo moja. Akaomba kwamba siku mjukuu atakapokuja tena, amletee udongo wa kaburi hilo, kopo moja tu. Hilo tulilikataa pale pale. Tutalirudia.

Sasa tuitazame elimu iliyo nyuma ya lile tangazo, maana si uadilifu kuikataa hoja ya mtu usiyoijua. Wachina huiita feng shui, maana yake upepo na maji. Kitabu cha kale kinachotegemewa katika mambo ya kaburi, kinachonasibishwa na mwanachuoni aitwaye Guo Pu, aliyefariki mwaka 324, kinafundisha kwamba imo katika ardhi pumzi ya uhai, ambayo upepo huitawanya na maji huisimamisha. Kwa hiyo kaburi bora ni lililokingwa na mlima kwa nyuma, na vilima viwili ubavuni, kimoja wakiita joka na kingine chui milia, na mbele yake maji yasiyokimbia. Mifupa ya mzazi hupokea ile pumzi, na baraka yake huwafikia wana walio hai: mali, cheo na uzazi. Mzazi akizikwa vibaya, wana nao huharibikiwa.

Katika maneno hayo imo punje ya akili. Hapana mtu aliyetimamu azikaye bondeni ambako mvua ya masika itafukua, na sisi wenyewe hutafuta ardhi iliyoinuka na udongo ulioshikana. Walakini baina ya busara hiyo na ile itikadi pana bahari. Watu wetu wa pwani wana elimu yao ya upepo na maji, elimu ya manahodha, ijuayo siku za kaskazi na siku za kusi, na mkondo wa kila mlango wa bahari. Elimu hiyo ni ya kweli, kwa sababu akikosea mwenye nayo huzama, na wote waliobaki pwani hujua kuwa amekosea. Hii nyingine akikosea bingwa wake, hapana ajuaye, na ujira amekwisha kuutia mfukoni.

Ikitakiwa dalili, iko karibu. Mfalme Yongle wa ukoo wa Ming alichaguliwa bonde la kuzikwa kaskazini ya Beijing na mabingwa wakubwa wa elimu hiyo katika ufalme wake, milima imelizunguka pande tatu, na ujenzi wa kaburi lake ukaanza mwaka 1409. Wafalme kumi na watatu wa ukoo huo wamezikwa hapo. Basi ikiwa mahali pema pa kaburi hulinda ukoo, ukoo huo ungalikuwapo hata leo. Lakini mwaka 1644 waasi waliuingia mji mkuu, na mfalme wa mwisho akajinyonga, akazikwa katika kaburi la suria wake kwa kuwa lake halikuwa tayari. Mlima uliokuwa nyuma ulikuwa bado uko nyuma, na maji yalikuwa bado yako mbele.

Na mfalme huyo Yongle ndiye aliyemtuma Zheng He katika bahari yetu hii. Zheng He alikuwa Mwislamu wa asili, mwana wa mtu aliyeitwa Haji, kutoka nchi ya Yunnan. Aliongoza safari saba baina ya mwaka 1405 na 1433, na majahazi yake yalifika pwani ya Malindi. Katika mji wa Quanzhou, juu ya kilima cha makaburi ya Waislamu, liko jiwe la mwaka 1417 lielezalo kuwa alisimama hapo kuomba salama kabla ya safari ya tano. Watu wa huko hudai kuwa waliolala pale ni sahaba wa Mtume (S.A.W.), madai ambayo hatukuyaona katika vitabu vya kutegemewa. Tusimlaumu sana. Tumewaona manahodha wetu nao wakipita makaburini na ubani kabla ya kutweka tanga, wakimwomba maiti badala ya Mola wa maiti. Zheng He mwenyewe inasemekana alifia baharini. Katika mlima Niushou, karibu na Nanjing, liko kaburi lake zuri, lililojengwa upya kwa sura ya Kiislamu mwaka 1985, lina ngazi na miti na mandhari. Wengi wa wanaojua habari zake husema kuwa ndani yake hamna mtu.

Baadhi ya wasomaji wetu watasema, alhamdulillahi, hayo ni ya Wachina. Taratibu! Aliyetembea Mambrui atakuwa amesikia habari za nguzo ya kaburi iliyopambwa kwa mabakuli ya kauri ya Kichina, nguzo iliyoanguka mwaka 1934. Kunduchi, upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, yako makaburi ya namna hiyo hiyo. Gedi liko kaburi lililochorwa mwaka wa 802 wa Hijra, yaani 1399. Wazee wetu hao walikuwa Waislamu, wakisali na kufunga, na juu ya hayo walitia vyombo vyao vya thamani katika chokaa ya makaburi, hali Mtume (S.A.W.) amekataza kaburi kutiwa chokaa na kujengewa. Kwa nini walifanya? Twadhani ni kwa sababu ile ile ya lile tangazo: aliye hai ataka aonekane kuwa ametoka katika watu. Mabakuli yamekwisha kung'olewa na wezi, yamebaki mashimo ya mviringo, na mashimo hayo huwasomea wapitao hadithi ambayo wenyewe hawakuikusudia.

Amma itikadi ya kuwa maiti, au kaburi lake, laweza kuvuta heri na shari katika ulimwengu, Mtume (S.A.W.) ameikata mizizi siku aliyofiwa na mwanawe Ibrahim. Siku hiyo jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa kufa kwa Ibrahim. Lau angalikuwa mtu atafutaye utukufu, angalinyamaza tu. Yeye alitoka na msiba wake, akawafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Ikiwa jua halikubabaika kwa mwana wa Mtume, basi kilima hakitababaika kwa mwana wa mtu yeyote.

Hata hapo tungeweza kuishia, na kijana baharia akapata fatwa yake. Lakini hatujajibu alilouliza. Yeye hakusema kuwa kaburi zuri lina baraka. Aliuliza kuna ubaya gani kulitaka. Na yule bibi wa Kathiani hakutaja bahati wala pumzi ya ardhi. Aliuliza mwanawe aangalia nini.

Nasi tukifungua vitabu twaona kuwa mapenzi ya mahali si jambo la wajinga tu. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Nabii Musa (A.S.) alipohudhuriwa na mauti alimwomba Mola wake amkurubishe na ardhi takatifu kadiri ya mtupo wa jiwe. Na Sayyidna Umar (R.A.), alipokuwa amelala na jeraha lake, alimtuma mwanawe kwa Bibi Aisha (R.A.) kumwomba ruhusa azikwe pamoja na sahibu zake wawili, na akausia kuwa maiti yake ikifikishwa mlangoni, ruhusa iombwe mara ya pili, asije akawa alikubaliwa kwa kuonewa haya. Hapa pana mtu aliyetaka mahali kwa moyo wake wote, na juu ya hayo akawa tayari kupakosa kwa ajili ya haki ya mwanamke mmoja mwenye nyumba.

Kwa upande wa pili yako majibu ya Salman Mfursi (R.A.). Abu Dardai alimwandikia kutoka Sham akimwita aje katika ardhi takatifu, naye akamjibu kuwa ardhi haimtakasi mtu, kinachomtakasa mtu ni amali yake. Hawa wote ni sahaba, na hapana mgongano baina yao. Mmoja alitamani jirani mwema, mwingine alihofu ndugu yake asije akaiegemea ardhi kama mtu aegemeavyo fimbo ya mwenziwe.

Lakini dalili iliyotugusa zaidi tulipokuwa katika basi, tukirudi, ni habari ya Bibi Amina, mama yake Mtume (S.A.W.). Alifia njiani, mahali paitwapo Abwaa, baina ya Makka na Madina, na mwanawe yuko naye, mtoto wa miaka sita. Akazikwa pale pale. Hakuna aliyemchukua kumpeleka Makka kwa jamaa zake, ingawa Makka ilikuwa mji wake na ni mji bora kuliko yote. Miaka mingi baadaye, Mtume naye amekwisha kuwa mtu mzima na watu wengi nyuma yake, aliomba ruhusa kwa Mola wake alizuru kaburi lake, akaruhusiwa. Akasimama hapo, akalia hata akawaliza waliokuwa pamoja naye. Tulikuwa tukiisoma hadithi hiyo miaka yote kwa ajili ya hukumu zake. Safari hii tuliiona sura yake: kaburi lililo mahali ambapo mtu hakukuchagua, na moyo uliojua ni wapi.

Basi twasema hivi. Kutamani kuwa karibu na wafu wetu ni tabia aliyoiumba Mwenyezi Mungu, na haimpunguzii mtu imani. Kutaka jirani mwema na mahali ambapo waja watapita na kutuombea dua, hilo nalo lina asili, na maiti hunufaika na dua. Kuamini kuwa udongo, au mlima, au mwelekeo wa maji wagawa riziki, huko ni kumpa kiumbe kazi ya Muumba. Na baina ya hayo uko ugonjwa mwingine usiotajwa sana, nao ndio uliomo katika lile tangazo: kumfanya maiti awe dirisha la duka la walio hai.

Ugonjwa huu hauchagui dini. Katika ule mlima wa Kilimambogo amezikwa tajiri mmoja, William Northrup McMillan, Mmarekani aliyepewa cheo na Waingereza. Alifariki mwaka 1925 mbali na Kenya, na mwili wake ukaletwa. Husimuliwa kuwa alitaka kuzikwa kileleni, ambako nchi yote ingekuwa chini yake, lakini alikuwa mtu mzito mno na njia ilikuwa kali, chombo kilichomchukua kikashindwa, akazikwa begani mwa mlima, na baadaye mkewe akawekwa karibu naye. Wageni hupanda kutazama mandhari, husoma jiwe, hushuka. Mjane wake alijenga pia maktaba Nairobi kwa kumbukumbu yake, iliyofunguliwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi hakuruhusiwa Mwafrika kusoma humo, na hilo ni doa. Lakini tangu milango yake ilipofunguliwa kwa wote, karibu na uhuru, hatujui ni watoto wangapi wa makabwela wamepata mahali pa kusomea. Hesabu ya mtu huyo iko kwa Mola wake. Sisi twatazama mawe mawili tu, na twaona ni lipi lililowafaa watu.

Na Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yako makaburi ya Wachina zaidi ya sitini waliofariki walipokuja kuisaidia Tanzania, wengi wao katika kazi ya reli ya TAZARA iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975. Hao ni wana wa watu wale wale wa upepo na maji. Wamelala mbali na mababu zao, chini ya jua la kwetu, na reli ya kilomita 1,860 ndiyo iliyowapeleka huko. Wenzao huwazuru kila mwaka. Hatuna la kuwacheka hao.

Ubaya wa pili, ewe kijana, ni haki ya walio hai. Ekari moja ya mandhari ni ekari moja ya chakula, au ya nyumba, na pia ni ekari ambayo maskini hatazikwa. Tusidhani kuwa haya yako mbali. Makaburi ya Lang'ata yalipojaa, Baraza la Jiji la Nairobi lilikwenda kununua ekari 120 huko Mavoko, ambayo wakati huo ilikuwa bado imo katika jimbo la uchaguzi la Kathiani. Zililipwa shilingi milioni 283. Mwaka 2009 ikadhihirika kuwa bei ilikuwa imepandishwa mara nyingi kuliko thamani, na ardhi yenyewe ni mwamba usiochimbika kaburi. Kesi zake zilikokotwa mahakamani miaka mingi. Hapo hapakuwa na joka wala chui milia. Palikuwa na wanadamu tu waliojua kuwa maiti haulizi risiti.

Kwa hiyo, ukiwa na fedha ya kumnunulia mzazi wako mlima na ziwa, mzike pamoja na Waislamu wenziwe, weka jiwe moja la kulitambua kaburi, kama Mtume (S.A.W.) alivyoweka jiwe kichwani mwa Uthman bin Madh'un, na fedha iliyobaki ichimbie kisima kwa jina lake. Kathiani twaijua mahali pa kisima hicho. Wanawake hushuka na mitungi asubuhi na kupanda nayo mgongoni, na mteremko ule hauna huruma na magoti.

Limebaki kopo la udongo.

Tulipomkatalia bibi, tulisema kuwa hatuna dalili, na ya kuwa leo ni kopo, kesho ni hirizi. Mwanafunzi wetu hakusema neno mpaka tulipofika Machakos mjini. Hapo akasema: "Shekhe, bibi hakuuomba ili auabudu. Aliuomba ili aushike." Tangu siku hiyo tumefungua vitabu. Tumeona fukahaa wetu wakikataza kutoa udongo wa Haram ya Makka na Madina. Juu ya udongo wa makaburi ya Mombasa hatukuona katazo mahsusi, ila hofu ya kufungua mlango, na hofu hiyo si ndogo kwa mtu aliyeona tuliyoyaona katika makaburi ya pwani. Kutuma, hatutautuma. Lakini tumekumbuka pia kuwa Mtume (S.A.W.) alimpita mwanamke aliaye kaburini, akamwamrisha kumcha Mungu na kusubiri, wala hakumwambia ondoka.

Basi darasa limechanga nauli. Tumemwandikia bibi aje Mombasa na mwanawe aliye hai, mvua zikipisha na mavuno yakiingia ghalani, wote wawili wawe wageni wetu. Aliyesema siku ile "Sasa huyu ni wetu", na hapana faida ya kuficha, ni sisi wenyewe tuandikao haya, ameomba awe ndiye atakayewapokea kituo cha basi. Atapelekwa mpaka kaburini, aonyeshwe uso umeelekea wapi. Nasi hapo tutasimama kuomba dua, tumeelekea kaskazini, na yeye atakuwa nyuma yetu. Ikiwa atainama akachukua kitu kwa mkono wake mwenyewe, hatutakuwa tumemwona.